Virusi Vinavyodhuru Figo za Watoto, na Chanjo Inayozilinda



Tumezoea kuuhesabu ugonjwa wa figo miongoni mwa magonjwa ya watu wazima. Tunausikia ukitajwa pamoja na kisukari na shinikizo la damu, na tunapowaombea wagonjwa wa figo katika Misa, picha inayotujia ni ya baba au mama wa makamo, si ya mtoto wa chekechea. Kwa sababu hiyo, mtoto wa miaka mitano anapoamka asubuhi kope zimevimba kiasi cha kushindwa kufumbua macho vizuri, figo huwa jambo la mwisho kufikiriwa nyumbani. Hutajwa mdudu aliyemuuma usiku, hutajwa mzio, minyoo, safura, utapiamlo; na katika baadhi ya familia, tusifichane, hutajwa jirani. Uvimbe hupungua mchana, wazazi hutulia, na asubuhi inayofuata hurudi. Wiki hupita hivyo.

Siku ya Figo Duniani, ambayo huadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya mwezi Machi, mwaka 2016 ilielekezwa kwa watoto, na mwito wake ulikuwa kuchukua hatua mapema. Mwito huo haujachakaa. Katika makala hii hatutajaribu kueleza magonjwa yote ya figo ya watoto, kwa maana ni mengi na vyanzo vyake ni tofauti. Tutazungumzia upande mmoja, yaani virusi, na ndani ya upande huo tutakaa zaidi kwenye jambo ambalo tunaona halijafika ipasavyo masikioni mwa wazazi: kwamba chanjo tuliyoizoea kuwa ni ya kulinda ini imekuwa, kimyakimya, mlinzi wa figo pia.

Kichujio kisichoongezwa

Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kila kichujio ni fundo la mishipa ya damu myembamba kuliko unywele, na kuta zake ndizo zinazoamua nini kipite na nini kibaki. Vichujio hivi huumbwa mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, na kazi hiyo hukamilika katika wiki ya 36 hivi ya ujauzito. Baada ya hapo hakuna kingine kinachoongezwa. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba yake yote, na kila kichujio kinachokufa hakirudi. Vilivyobaki hulazimika kufanya kazi ya vile vilivyopotea.

Kwa mtu mzima, vichujio hivi huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka kama mkojo. Kinachotakiwa kubaki ndani daima ni chembe za damu pamoja na protini, hasa ile iitwayo albumini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kilatini la ute mweupe wa yai. Albumini ndiyo inayoyashika maji yasitoke ndani ya mishipa. Chujio la chai likitoboka, majani huingia kikombeni. Kuta za vichujio vya figo zikidhurika, albumini huingia kwenye mkojo. Mkojo huwa na povu jingi lisilotaka kuisha. Maji nayo, yakikosa wa kuyashika, huvuja kutoka kwenye mishipa na kutuama penye nyama laini: kuzunguka macho wakati wa asubuhi kwa kuwa mtoto amelala, miguuni jioni kwa kuwa ameshinda akitembea, kisha tumboni, na kwa wavulana hata kwenye korodani. Hali hii madaktari huiita nefrotiki.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya kwashakoo, kwa kuwa magonjwa haya mawili huchanganywa mara nyingi. Mtoto wa kwashakoo kwa kawaida huanza kuvimba miguu, nywele zake hubadilika rangi na kukatika, ngozi hubanduka, naye huwa mnyonge asiyetaka kuguswa. Mtoto wa nefrotiki anaweza kuwa alikuwa na afya njema hadi wiki iliyopita, tena mbele ya sahani iliyojaa. Kumwongezea mayai na maharage hakuzibi tundu la kichujio. Hata hivyo macho ya mzazi, na hata ya mhudumu mzoefu, hayatoshi kutofautisha kwa uhakika. Kinachotofautisha ni kijiti cha kupimia mkojo, ambacho ni cha bei ndogo na hutoa jibu ndani ya dakika chache. Mtoto yeyote aliyevimba uso anastahili kipimo hicho siku ile ile, na mzazi asione haya kukiomba.

Njia tatu za virusi

Kirusi hufika kwenye figo kwa njia zaidi ya moja. Kipo kinachoingia chenyewe ndani ya chembe za figo na kuziharibu. Kipo ambacho hakiigusi figo moja kwa moja, bali vita kati yake na kinga ya mwili huacha mabaki yanayokwama kwenye vichujio. Na kipo kinachoidhuru figo kwa kuukausha mwili maji. Virusi vya Ukimwi ni mfano wa kwanza, homa ya ini aina ya B ni mfano wa pili, na kirusi cha rota kinacholeta kuhara ni mfano wa tatu.

Mbali na hizo, virusi vya kawaida kabisa vya mafua vina sehemu yao. Duniani kote, watoto wengi wenye nefrotiki wana aina ambayo chanzo chake cha kwanza hakijulikani vizuri, lakini hutii dawa ya prednisoloni, wengi wao ndani ya wiki nne. Tatizo lake ni kurudi. Mtoto amepona, uvimbe umekwisha, kisha anapata mafua kama wenzake darasani, na baada ya siku chache mkojo unaanza tena kutoa povu. Mafua hayakuleta ugonjwa, yameuamsha tu. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii afanye mazoea ya kupeleka mkojo ukapimwe kila mtoto anapougua mafua au homa, bila kungoja macho yavimbe.

Homa ya ini aina ya B

Zamani, katika ukanda wetu, nefrotiki ya watoto ilihusishwa zaidi na malaria. Katika miaka ya 1960, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, Daktari Kibukamusoke na wenzake walifanya uchunguzi mkubwa uliouhusisha ugonjwa huo na aina moja ya vimelea vya malaria, ile inayoleta homa ya kila siku ya nne. Tunaikumbuka kazi hiyo kwa heshima, maana ni Waafrika wachache wakati ule waliokuwa wakiandika vitabu vya tiba vilivyosomwa ulimwenguni. Lakini palikuwa na mhusika mwingine ambaye wakati huo hakuwa bado na kipimo cha kumtambua.

Kipimo kilianza kupatikana baada ya Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake kugundua alama ya kirusi cha homa ya ini katika damu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mwaka 1971 madaktari wa Dallas, Marekani, walieleza habari za mgonjwa ambaye vichujio vyake vya figo vilikutwa vimenasa vipande vya kirusi hicho vikiwa vimeshikamana na kingamwili. Tangu hapo, popote penye homa ya ini aina ya B kwa wingi, Asia ya Mashariki na Afrika Kusini mwa Sahara, madaktari walianza kuwapima watoto waliovimba, na wakakuta kirusi hicho mara nyingi kuliko walivyotarajia. Wavulana walionekana kuathirika zaidi kuliko wasichana.

Kinachotokea ni hiki. Kirusi hukaa katika ini na kujizalisha humo, huku kikimwaga vipande vyake katika damu kwa wingi mno. Mwili hutengeneza kingamwili za kuvikamata vipande hivyo. Viwili hivyo hushikana na kuwa vifundo vidogo, na vifundo huchukuliwa na damu hadi kwenye figo, mahali ambapo kila tone la damu hupita tena na tena. Hapo hukwama katika ukuta wa kichujio. Kinga ya mwili, ikidhani imemkuta adui ukutani, huushambulia ukuta wenyewe. Ini la mtoto huyo huenda lisioneshe dalili yoyote: macho hayawi ya manjano, tumbo haliumi, anacheza. Alama ya kwanza ya homa yake ya ini ni uso uliovimba.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati wa matibabu, nasi tunaomba lisomwe kwa makini. Tumesema kwamba nefrotiki ya kawaida hutibiwa kwa prednisoloni. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuituliza kinga ya mwili. Lakini kwa mtoto mwenye homa ya ini aina ya B, kuituliza kinga ni kama kumpumzisha mlinzi huku mwizi yumo ndani: kirusi hupata nafasi ya kuzaliana zaidi. Kwa hiyo mtoto hupimwa damu kwanza, homa ya ini aina ya B pamoja na virusi vya Ukimwi, ndipo dawa huamuliwa. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ataanza prednisoloni, ana haki ya kuuliza kwa upole, “Daktari, ameshapimwa homa ya ini?” Kununua dawa hiyo dukani kwa kuwa ilimsaidia mtoto wa jirani ni jambo la hatari.

Habari njema ni kwamba watoto wana nafuu kuliko watu wazima. Kwa wengi wao, baada ya miezi au miaka kadhaa, mwili hupunguza nguvu ya kirusi na protini hukoma kuvuja, na zipo dawa za kukidhibiti pale inapobidi. Lakini wapo ambao figo huendelea kuchakaa, na kirusi kinachobaki katika ini kinaweza kuleta ukavu wa ini au saratani mtoto akishakuwa mtu mzima.

Taiwan, kisha Durban

Ushahidi kwamba haya yote yanaweza kuzuiwa ulitoka kwanza katika kisiwa cha Taiwan. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa na kirusi hiki. Mwezi Julai 1984 serikali ilianza kuwachanja watoto waliozaliwa na mama wenye kirusi, na miaka miwili baadaye ikawachanja watoto wote wachanga. Baada ya miaka 20 idadi ya watoto wenye kirusi ilikuwa chini ya mmoja kati ya mia. Saratani ya ini kwa watoto ilipungua, jambo lililotarajiwa. Kilichopungua pamoja nayo, na ambacho hakikuwa kimetangazwa sana, ni ule ugonjwa wa figo wa watoto uliotokana na kirusi hicho.

Kwa upande wa Afrika, Afrika ya Kusini iliiingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwezi Aprili 1995. Madaktari wa watoto wa Durban, akiwamo Hoosen Coovadia, ambaye wengi wanamkumbuka kwa utetezi wake wa watoto wenye virusi vya Ukimwi hadi alipofariki mwaka 2023, walihesabu watoto waliolazwa kwa ugonjwa huu wa figo kabla na baada ya chanjo. Idadi ilishuka. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa mara kwa mara katika jumuiya zetu husikika sauti zinazouliza kama chanjo zina faida yoyote inayoonekana. Faida ya chanjo ina shida moja, kwamba haina sura. Hakuna mzazi anayekuja kanisani kutoa shukrani kwa ugonjwa ambao mtoto wake hakuupata.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watoto wote mwaka 2002, na tangu mwaka 2009 imo ndani ya chanjo moja inayokinga magonjwa matano. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ukiichukua kadi ya kliniki ya mwanao utaiona imeandikwa. Sindano tatu ndizo kamili. Moja au mbili hazitoshi, na wale wanaohama kati ya wiki ya kumi na ya kumi na nne, kwa mfano mama anayerudi kwao baada ya arobaini, ndio wanaopotea kwa urahisi.

Palipobaki wazi ni zile wiki sita za mwanzo. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa asilimia 90 hivi wa kubaki na kirusi maisha yake, ilhali kwa mtu mzima anayeambukizwa ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apewe sindano ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha aendelee na zile nyingine. Nchi nyingi za Afrika huanza wiki ya sita. Tukumbuke pia kwamba mama waliozaliwa kabla ya mwaka 2002, ambao ni wengi kati ya wanaojifungua leo, hawakupata chanjo hii utotoni. Basi mama mjamzito aombe kupimwa homa ya ini aina ya B anapohudhuria kliniki. Akikutwa nayo, atajua mapema kuulizia chanjo ya mtoto siku ya kujifungua, na daktari ataangalia kama anahitaji dawa katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Kunyonyesha hakukatazwi.

Njia nyingine ya maambukizi iko ndani ya nyumba na vijiji vyetu. Kirusi hiki hukaa katika damu, na kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho hutosha. Haleti mtu homa ya ini aina ya B kwa kula sahani moja au kukumbatiana na mgonjwa. Lakini wembe mmoja unaowachanja chale watoto watatu, kisu kimoja cha jando, kukata kimeo, na ule mtindo wa kuwang'oa watoto wachanga yale yanayoitwa meno ya plastiki, vyote hivyo ni milango. Mama humpeleka mtoto mwenye homa na kuhara kwa mtu mwenye spoku ya baiskeli, naye humtoboa ufizi kung'oa kile ambacho kwa hakika ni chimbuko la jino la kawaida. Kuhara kulikuwa kwa virusi au vijidudu vingine, kungekwisha. Kidonda cha kinywani hubaki, pamoja na chochote kilichokuwa kwenye spoku ile.

Virusi vya Ukimwi

Mwaka 1984, madaktari wa New York na Miami walieleza aina mpya ya ugonjwa wa figo kwa wagonjwa wa Ukimwi, na miaka michache baadaye ukaonekana pia kwa watoto waliozaliwa na virusi. Hapa kirusi chenyewe huingia katika chembe zinazofunika vichujio na kuzivuruga, hata fundo la mishipa likasinyaa na kuporomoka. Uvimbe wakati mwingine ni mdogo, hivyo mkojo usipopimwa ugonjwa huenda kimya hadi figo zimechoka.

Si kila mtoto mwenye virusi vya Ukimwi hupata ugonjwa huu. Mwaka 2010 wataalamu waligundua kwamba hatari kubwa iko kwa waliorithi kutoka kwa baba na kwa mama mabadiliko fulani ya chembe za urithi, ambayo yaliwasaidia wahenga wao kupambana na vimelea vya malale. Mabadiliko hayo ni mengi zaidi Afrika Magharibi kuliko huku kwetu Mashariki. Kile kilichowaokoa wahenga kutoka kwa mbung'o kimekuwa mzigo kwa wajukuu walipokutana na kirusi kingine.

Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha habari hii kabisa. Mtoto anayezitumia mapema na kwa uaminifu huzilinda figo zake pamoja na mwili wote. Na kabla ya hapo, mama mwenye virusi akitumia dawa wakati wa ujauzito na kunyonyesha, hatari ya kumwambukiza mtoto, ambayo bila kinga yoyote ni kati ya asilimia 15 na 45, hushuka chini ya asilimia 5. Wasiwasi wetu mkubwa sasa ni kwa vijana waliozaliwa na virusi na kukua na dawa, walio katika shule za bweni. Kijana huficha kopo la dawa chini ya nguo, huona aibu kuzimeza mbele ya wenzake, akaruka siku moja, kisha wiki. Walezi wa mabweni na wakuu wa shule zetu wanaweza kumpa kijana huyo mahali pa faragha na saa ya kudumu, bila kutangaza lolote. Ipo dawa moja katika mchanganyiko huo, tenofovi, ambayo kwa wachache huweza kuisumbua figo. Kwa sababu hiyo kliniki hupima damu na mkojo mara kwa mara. Hilo ni la kumwuliza daktari, wala si sababu ya kuacha dawa.

Kuhara, na dawa za maumivu

Juu ya kirusi cha rota tutasema kwa ufupi, kwa kuwa kinga yake inafahamika zaidi. Mtoto anapohara na kutapika sana, damu hupungukiwa maji na haina tena nguvu ya kupita kwenye vichujio. Mkojo hupungua, huwa wa rangi ya chai, kisha hukoma. Maji yakirudishwa mapema figo huamka. Yakichelewa, chembe zake hufa. Chanjo ya rota ya matone ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Nyumbani, paketi za ORS ndizo bora, na zisipokuwapo, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo bila kuacha kunyonya. Mtoto ambaye hajakojoa kwa muda wa saa 6 au zaidi, au macho yake yameingia ndani, apelekwe hospitali hata kama ni usiku. Na asipewe diklofenaki wala ibuprofeni ili kushusha homa akiwa amepungukiwa maji, kwa kuwa dawa hizo hupunguza zaidi damu inayofika kwenye figo. Dawa za mitishamba zisizojulikana kipimo ziachwe pia.

Mkojo mwekundu nao huwatia wazazi hofu, na ni haki yao. Kipo kirusi kinachoitwa adeno ambacho humfanya mtoto akojoe damu kwa maumivu, kikapita chenyewe bila kuacha alama. Lakini mkojo wenye rangi ya Coca-Cola, wiki moja hadi tatu baada ya koo kuuma au baada ya vipele vyenye usaha, hutokana kwa kawaida na bakteria na si virusi, na huambatana na shinikizo la damu ambalo kwa mtoto ni la hatari. Mzazi hawezi kutofautisha nyumbani.

Sala na tiba

Tunafahamu kwamba familia nyingi zinazomwuguza mtoto aliyevimba huzunguka kutoka mkesha mmoja wa maombezi hadi mwingine. Kanisa halimzuii mzazi kumwombea mwanawe uponyaji. Humwita afanye hivyo. Lakini maelekezo ya mwaka 2000 ya Idara ya Mafundisho Sadikifu ya Kanisa kuhusu sala za kuomba uponyaji yanasema wazi kwamba sala haiondoi matumizi ya njia za kawaida za kutunza na kurudisha afya, bali huyahimiza. Anayemwambia mama aache kumpa mtoto dawa ili kuthibitisha imani yake hasemi kwa jina la Kanisa. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ambao ndio wanaofika kwanza nyumbani kwa mgonjwa, wanaweza kuuliza swali moja kabla ya kuanza rozari: mkojo wa mtoto umepimwa?

Kuna sababu ya kuwa na haraka. Figo zikishindwa kabisa, kilichobaki ni kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki au kupandikizwa figo nyingine. Upandikizaji wa kwanza nchini Tanzania ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, hatua tunayojivunia. Lakini kwa familia ya kijijini gharama na umbali wa huduma hizo ni mzigo mzito, na kwa mwili mdogo wa mtoto vifaa vyenyewe ni vigumu kupata.

Mtoto aliyevimba akikutwa na homa ya ini aina ya B, kazi haiishii kwake. Wapimwe pia baba, mama na ndugu zake wote wanaolala nyumba hiyo. Atakayekutwa nayo aanze kufuatiliwa na daktari hata kama hajisikii vibaya. Ambaye hana, na hajawahi kuchanjwa, apewe chanjo, ambayo kwa mtu mzima nayo ni sindano tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu inapotimia miezi 6 tangu ile ya kwanza.